Mkanda wa Mama Mkwe

Siku ile mjinga alikuwa Nathanaël mwenyewe, hana wa kumsingizia. Alitoka Kasongo hadi Kabambare kumwomba mkewe, aliyekimbilia kwao, arudi nyumbani. Ili kumlainisha mama mkwe, alimfumia kwa mikono yake mkanda wa sufu wa kichwani, wa kumkinga masikio na baridi ya asubuhi.

Kwa kuwa kwa desturi mkwe hashiki kichwa cha mama mkwe, aliupimia kwenye sufuria ya bugali.

Mama akauvaa. Ukateleza puani, ukapita kidevu, ukatua shingoni. Mlangoni, mkewe akabana kicheko.

“Ni uzi imelegea, Mama! Kipimo kilikuwa sawa,” Nathanaël akajitetea.

“Ulipimia kichwa gani?”

“Sufuria, Mama.”

“Mukwe, sufuria umeisumbulia nini? Ungepimia kichwa chako, iko tupu vilevile.”