Taa ya "Nakuja"

Siku hizi kila mlango wa nyumba mjini una taa yake, ndivyo sheria inavyotaka. Anayetoka husema "nakuja", na mlango ukisikia katika sauti yake nia ya kurudi, taa huwaka nyeupe. Kama nia haipo, huwaka nyekundu.

Wengine walishaizoea, hata hawaitazami. Tunu hakuweza. Ana maradhi ya hisia: mpenzi akitoka kwenda dukani tu, moyo unamwambia ameshaachwa, na aliyekuwa malaika asubuhi anageuka adui mchana. Hemedi, mumewe, alikuwa akisimama kizingitini akirudia "nakuja, nakuja" mpaka sauti inamkauka.

Leo Tunu aliifunika taa kwa kanga.

"Una hakika, mke wangu?" Hemedi aliuliza.

"Nenda kalete nazi. Nikiiona taa mara moja nitataka kuiona tena."

"Haya. Nakuja."

Mlango ukafungwa. Kifua kikamwaka moto. Mwongo huyo, harudi. Tunu akatumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji baridi, kama alivyofundishwa kliniki, akajisemea kwa sauti, "Hii ni hofu, si habari." Akarudia mpaka pumzi ikatulia.

Ndipo akageuka. Mwanga uliopenya kwenye kanga ulikuwa mwekundu.

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba kanga yenyewe ni nyekundu.

Angeweza kuivuta aone. Akaigeuzia mgongo, akaosha mchele wa watu wawili.