Usaili wa Vitendo

"Mausi hakuna," alisema mwanamume mwenye tai ya bluu. "Kibodi tu. Kanzidata ya tiketi haiwaki. Tafuta sababu, uiwashe, na uwe unanieleza kila unachofanya."

"Shikamoo," alisema Mwanakheri, bado amesimama mlangoni.

Yule bwana alisita. "Ee, marahaba, marahaba. Naitwa Hussen. Kaa, dada, kaa."

Mwanakheri alivuta kiti. Mbele yake palikuwa na skrini nyeusi na kimstari kimoja kinachopepesa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. Alikuwa amejiandaa kwa yale maswali ya "tuelezee kuhusu wewe" ambayo humtatiza. Kumbe kampuni hii ya mabasi ilitaka kuona kazi.

Didas, msailiwa aliyemtangulia, alikuwa ametoka ndani ya chumba hicho akijifuta jasho. "Vitendo vitupu, dada," alimnong'oneza kwenye benchi. "Mimi nimemwambia tuzime, tuwashe. Kasema hilo keshalijaribu."

Mwanakheri hakutaka kukosea. Mkataba wake wa kutunza seva za kampuni moja ya mbegu ulikwisha, akarudi Chole, huko Kisarawe, kulima mihogo na mama yake. Na mama huyo, Bi Mwanaamina, alishawatangazia majirani kwamba binti yake ameitwa Kibaha kuwa bosi wa kompyuta za mabasi. Alfajiri ile jirani mmoja alikuja kabisa kumwagiza tiketi ya bure ya Morogoro.

Akaandika df -h, akabonyeza. Mistari ikashuka.

"Hiyo inafanya nini?" Hussen aliuliza, kainama mpaka pua inakaribia bega lake.

"Inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye kila diski. Unauona huu mstari? Asilimia mia. Diski imejaa pomoni. Kanzidata haina pa kuandikia, ndiyo maana inagoma."

"Vizuri sana. Endelea. Lakini andika taratibu."

Aliandika du -sh ili kupima ukubwa wa folda, akazipita moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunua sufuria kutafuta iliyoungua. Mbili zilijitokeza, kubwa kuliko nyingine zote.

"Basi tuifute hii," Hussen alisema upesi, akigusa skrini kwa kidole.

Mwanakheri alirudisha mikono mapajani. Mtego huo, aliwaza.

"Hapana, Bwana Hussen. Hii ni shajara ya kanzidata yenyewe. Kila tiketi inayouzwa huandikwa hapa kwanza. Ukiifuta, nafasi utaipata, lakini tiketi za watu zitakuwa zimekwenda na maji."

Hussen alilegeza tai. "Na kama mtu alibakiza kidogo tu aifute?"

"Amshukuru Mungu wake."

Nje watu walikuwa wakipiga kelele na kugonga dirisha. Mwanakheri hakujali; hapo kituoni Kwa Mathias kelele hazikosekani, makondakta na wauza maji wanashindana tangu jogoo la kwanza.

"Fikiria," Hussen alisema, akitupa jicho dirishani, "fikiria kwamba abiria wamejaa nje na hakuna anayeweza kukata tiketi."

"Nafikiria," alisema Mwanakheri, bila kuinua macho.

Folda ya pili ilikuwa na nakala za akiba za zamani, zimelundikana kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzihamisha. Alizinakili kwenye diski nyingine iliyokuwa tupu, akalinganisha faili kwa faili, ndipo akafuta zile za mwanzo.

"Mbona unapoteza muda kulinganisha?"

"Sifuti kitu kabla sijahakikisha nakala yake ni nzima."

Akaipa kanzidata amri ya kuamka. Kimya. Hussen aliinamia skrini. Kisha neno moja la kijani likatokea. Mwanakheri akaandika tail -f ili waone kinachoendelea, na mistari ikaanza kutiririka: Mlandizi, kiti cha dirishani, Chalinze, watu wawili na mtoto, Morogoro, mzigo mmoja. Nje kelele ziligeuka vigelegele.

Wameuandaa mtihani huu, aliwaza kwa heshima. Mpaka mizigo ya abiria wameweka!

Hussen alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada, Mungu akubariki. Sana." Halafu, akiwa ameshafika mlangoni, akageuka. "Ile ya kwanza ilikuwa df, siyo?"

"Df, nafasi, kistari, h."

"Df, nafasi, kistari, h," alirudia polepole, kama mtoto wa madrasa anayekariri sura. Akakaza tai yake. "Kasubiri nje na mwenzako," alisema, akaelekea ofisi ya meneja.

Mwanakheri alirudi kwenye benchi mwili mwepesi. Didas alimwangalia usoni, akacheka kwa huzuni. "Umeiwasha. Basi kazi ni yako, dada. Hongera."

"Usiseme mapema, kaka." Lakini moyoni alishaanza kutafuta chumba cha kupanga maeneo ya Tumbi, hapo hapo Kibaha, na alishamsikia mama yake akipiga vigelegele kule Chole.

Mlango wa meneja ulifunguka. Margareta wa mapokezi akatoka anatabasamu, akawaona wale wawili wamekaa, na tabasamu likapungua.

"Jamani, poleni kwa kuwaweka," alisema. "Mnaweza kwenda, nafasi imeshapata mtu. Meneja kampa kazi palepale yule msailiwa mwenzenu mwenye tai. Kafika wa kwanza akatukuta tumekwama, akajifungia na seva yetu mpaka ikawaka."