Mizani ya Tisa

Katika wiki ya tano ya mazoezi ya ualimu, Mbonea alikuwa amechoka hata sauti. Darasa la saba lilisinzia juu ya shairi. Akausoma kwa sauti mshororo aliotunga mwanafunzi wake Tupokigwe: "Mama yangu Atuganile."

"Mizani tisa hizi, zinatakiwa nane. Tafuta jina fupi."

"Ndilo jina lake, mwalimu. Tulimzika nalo."

Mbonea akaishusha kalamu yake nyekundu.

Kwenye dawati la nyuma, msichana mmoja akazinduka usingizini. "Si aseme 'mamangu'?"

Vidole vikaanza kukunjwa, dawati baada ya dawati, wanafunzi wakihesabu mizani kwa kunong'ona. Nane.

Tupokigwe hakuliandika neno hilo. Aliendelea kuhesabu jina la mama yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama asiyetaka kufika mwisho.