Chaja Nyepesi

Chaja ilikuwa nyepesi mno, na Gesche akajua ina kasoro kabla hata hajaifungua.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuma sampuli Lagos kuombea kibali cha kuuza, na ile ilikuwa nzito mkononi. Hii alikuwa ameitoa kwenye katoni zilizopangwa ofisini zikisubiri meli hapa Bremen, Ujerumani. Akaipasua kwa bisibisi. Palipotakiwa kuwa na fyuzi, pameunganishwa kipande cha waya tu.

Bosi alikuwa amewanunulia wafanyakazi keki ya siagi kusherehekea kibali. Sukari bado ilikuwa imemganda bosi mdomoni Gesche alipomwendea.

"Fyuzi iko wapi?"

"Gesche, usiniharibie siku bwana. Kibali si tumeshapata? Kule umeme wenyewe wa kubahatisha, nani atajua?"

"Huo umeme wa kubahatisha ndio unaochoma nyumba za watu, wewe!"

Ofisi nzima ikaacha kutafuna. Gesche akachomoa chaja nyingine katonini, akamsukumia bosi kifuani.

"Haya, shika! Leo usiku mchajie mwanao simu, hapohapo kitandani kwake."

Bosi akaitazama. Mkono wake, uliokuwa umeshaanza kunyooka kuipokea, ukarudi mfukoni, ukakaa humo.