Pedali Chini ya Meza

Sheria ya ligi ya mbio za magari ni kwamba kijana hashindani mpaka nyumbani kwao iwekwe pedali ya pili ya breki, chini ya mguu wa mzazi. Yetu imefungwa chini ya meza ya jikoni. Nikiikanyaga hapa Nakuru, gari la mbio la binti yangu Jebet linapunguza mwendo huko uwanjani.

Msimu mzima wa mbio za chipukizi amekuwa akirudi amenuna. "Mama, unanibana kila nikiongoza!" Nami nikawa namwomba msamaha, maana nilijua mguu wangu una woga.

Leo ni mbio za mwisho. Kabla hawajaanza alinipigia simu. "Mama, tafadhali. Leo usinikanyagie."

"Sikanyagi," nikamwambia. Nikavua ndara, nikakunja miguu yote miwili juu ya kiti.

Kwenye televisheni Jebet alimpita kijana aliyekuwa wa kwanza. Papo hapo nikasikia kitu kikilia chini ya meza. Nikainama. Pedali ilikuwa inashuka yenyewe, taratibu, kama imekanyagwa na mtu. Jebet akapitwa.

Kumbe! Miezi yote hiyo nimeomba msamaha kwa kosa lisilo langu.

Nikachukua kisu cha nyama nikaukata waya wa pedali. Gari la Jebet likachomoka kama limefunguliwa kamba.

Mlango ukagongwa. "Mama Jebet! Fungua, sisi ni watu wa ligi!"

"Ngojeni hapo nje!" nikawajibu, kisu kikiwa bado mkononi. "Mtoto wangu anaongoza."