Matandiko ya Watoto wa Panya

Nungunungu alichomoa mwiba wake mgongoni, akaufanya kalamu, akaandika riwaya. Mswada akampelekea Kiboko, mchapishaji. Kila alipokwenda kuulizia aliambiwa, "Subira, ndugu yangu. Unasomwa."

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Nungunungu akakata tamaa.

"Nirudishie mswada wangu, mzee."

"Kautafute stoo," Kiboko akasema kwa miayo. Hakuwahi hata kuufungua.

Hata hivyo akamfuata nyuma. Stoo walimkuta Mama Panya na wanawe, vipande vya karatasi vimetapakaa kila mahali. Nungunungu akanywea.

"Umeutafuna?"

"Miswada mingine yote nimeitafuna, niwatandikie wanangu. Huu wako nilitangulia kuwasomea kidogo, wakanikatalia katakata nisiuguse. Tazama, wanalala sakafuni."

Kiboko akajikohoza.

"Kwani mwisho wake unakuwaje?"

Kitinda mimba, akitetemeka kwa baridi, akamsogezea mswada.

"Soma mwenyewe, babu. Ila ukimaliza uturudishie."

Kitabu kilipotoka, Nungunungu hakuipeleka nakala ya kwanza dukani. Aliipeleka stoo, na mzigo wa nyasi laini za kulalia.