Kifua cha Marhun

Muuguzi hajamaliza kuuliza jina, Mahfoudha alikuwa ameshamlaza mumewe kitandani.

"Kifua," alisema, akihema. "Tangu Jumamosi."

Neno hilo lilitosha. Katika hospitali ile ya mji wa Ibra, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye maumivu ya kifua hapangi foleni. Muuguzi, kijana aitwaye Tamim, alivuta pazia, akamfungua Marhun kanzu, akambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Hazikupita dakika kumi, mashine ya kupima moyo ikatoa karatasi yake.

"Mmekuja na gari la wagonjwa?" aliuliza Tamim.

"Wapi! Kaendesha mwenyewe. Kutoka Wadi Bani Khalid, zaidi ya saa nzima njiani."

Tamim alimtazama Marhun kwa heshima.

Daktari wa zamu, Huwaida, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyelelewa na bibi mzaliwa wa Unguja. Aliposikia Kiswahili nyuma ya pazia aliingia akitabasamu.

"Shikamoo, ammi. Shikamoo, bi Mahfoudha."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mahfoudha kwa niaba ya wote wawili.

"Haya, ammi Marhun. Maumivu yakoje?"

Marhun alifungua mdomo. Mkewe akamtupia jicho. Marhun akaufunga. Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa ameshajifunza lini zamu yake ya kusema, na haikuwa leo.

"Yanabana," alisema Mahfoudha. "Kama mtu kakukalia kifuani, tena mtu mnene. Yanapanda hapa tayani, yanashuka mkono huu. Na jasho, wallahi, jasho la baridi."

"Yanakuja wakati gani?"

"Ukipanda ngazi kwenda darini kuanika nguo."

Daktari aliacha kuandika. "Ammi ndiye anayeanika nguo?"

"Siku hizi wanaume wanasaidia."

Tamim, ambaye alikuwa amechumbia juzi tu, alionekana kuingiwa na wasiwasi.

"Ana sukari?" aliuliza daktari.

"Anayo, ya vidonge."

Marhun aligeuza shingo akamtazama mkewe, kama mtu anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Daktari aliisoma ile karatasi, akaisoma tena. Maelezo aliyopewa yalikuwa ya moyo kabisa. Hata vitabuni hayakuandikwa vizuri namna ile. Lakini karatasi ilikuwa safi kama ya kijana wa miaka ishirini. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Aliagiza damu ipimwe, kisha ipimwe tena baada ya saa tatu, maana moyo ukiumia, damu huchelewa kusema. Akaagiza pia aspirini ya kutafuna.

Mahfoudha akavipokea vidonge yeye. Tamim alipogeuka kuchukua maji, vilikuwa vimeshatafunwa.

"Vichungu," alisema Mahfoudha, akikunja uso.

Wakangoja. Marhun alilala usingizi mzuri, akakoroma. Mahfoudha alikaa kwenye kiti, akijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, ingawa kiyoyozi kilikuwa kikivuma baridi. Kila daktari alipopita, alikuwa na swali.

"Mwanangu, mtu mwenye hali hii, mnamlaza?"

"Tukiona moyo umeumia, lazima."

"Hata kama Alhamisi anamuoza mwanawe? Watu mia nne, mwanangu. Na wapishi wenyewe, ukiwapa mgongo tu, wali unaungua."

"Hata kama anaoza watoto kumi, bi Mahfoudha. Ammi atapumzika, harusi watasimamia wengine."

Mahfoudha aliminya mkono wake wa kushoto.

Majibu ya pili yalitoka adhuhuri. Daktari alikuja nayo akiwa na furaha. "Alhamdulillahi. Vipimo vyote viwili ni vizuri. Moyo haukuumia hata chembe."

"Kwa hivyo ni gesi tu?" Mahfoudha alisimama, akashika ukingo wa kitanda, akaupapasa mkoba wake. "Mwenye maumivu haya anaweza kwenda zake nyumbani, akapika, akapokea wageni?"

"Kwa vipimo hivi, anaweza. Ila nina swali moja la mwisho."

"Uliza, mwanangu. Yanabana hapa, yanapanda..."

"La, bi Mahfoudha. Safari hii nataka kumsikia mwenyewe." Daktari aliinua kiganja kumzuia, akamwinamia Marhun. "Ammi, sasa hivi unaumwa wapi?"

Mahfoudha alimtupia mumewe jicho, kali kuliko yote ya siku ile. Marhun aliliona. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, hakulijali. Alishuka kitandani, akainyoosha shuka kwa mkono, akamshika mkewe bega taratibu.

"Mimi siumwi popote, daktari, wala sijapata kuumwa," alisema. "Panda, Mahfoudha. Kifua ni chako."